Shimo Lililochimbwa Juu ya Kisima

Wenzangu mliokulia upande wa Webuye, bila shaka mnaikumbuka ile harufu. Asubuhi ilishuka kutoka kiwanda cha karatasi kama kabichi iliyosahaulika kwenye sufuria, ikapita mashamba ya miwa, ikaingia mpaka ndani ya chai. Wageni walifunga pua. Sisi wa Matulo tulisema tu, "Leo kiwanda iko kazi," tukaendelea kumenya viazi vitamu. Honi ya zamu ikilia, mama zetu waliteleka maji ya ugali, maana walijua baba zetu wako njiani na baiskeli zao.

Baba yangu alikuwa fundi wa mabomba pale kiwandani. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba vitatu tu, lakini hakuna kitu ndani yake kilichowekwa kiholela. Maji ya mvua yalitoka kwenye paa yakaingia kwenye gata, ile mifereji ya mabati iliyozunguka nyumba, yakashuka hadi kwenye tangi lililosimama juu ya mawe. Kati ya kuta na paa Baba aliacha nafasi ya kiganja kimoja ili moshi wa kuni uwe na pa kutokea. Sakafu, ambayo Mama aliipaka samadi kila Ijumaa, iliinama kidogo kuelekea mlango wa nyuma. Ukimwaga maji yalitoka yenyewe bila kusukumwa. Maji ya kuoshea vyombo yaliingia kwenye shimo lililojazwa mawe, na kando ya shimo hilo migomba ilinenepa kama watoto wa tajiri. Kisima kilikuwa juu, karibu na njia. Choo kilikuwa chini kabisa, mbali, ukipita nyumba na zizi na shamba la mahindi. Usiku wa mvua tulilalamika kwamba choo kiko mbali. Baba alitujibu neno moja: "Vumilieni."

Na sisi watoto tulicheza vilevile tulivyoishi. Mnaukumbuka mchezo wa kalongolongo? Wengine walitosheka kupika matope kwenye vifuniko vya chupa, kuwa baba na mama na kunyonyesha gunzi la mahindi. Mimi nilijenga. Nilikata mabua ya majani ya mpapai, ambayo yako wazi ndani, nikayaunganisha moja kwa jingine na kuyafukia ardhini, kisha nikamwaga maji upande huu na kuyangoja yatokeze upande wa pili. Wenzangu walikuja kutazama. Yakitokeza tulipiga kelele kana kwamba tumeshinda mpira. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na hakuna furaha nyingine ya utoto wangu ninayoweza kuilinganisha na ile ya kuona maji yakinitii.

Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa siku ya somo. Baba alivua gamboti, akanywa uji wa wimbi, kisha akaita, "Wanjala! Twende tuzunguke nyumba." Wanjala ni kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Hao wawili walianzia kwenye paa na kushuka pole pole. Gata hii inaziba na majani ya mti gani? Koki hii ukiifunga, maji yanakatika wapi? Bomba likipindwa hivi, kwa nini harufu hairudi ndani? Baba alikuwa na subira ambayo sijawahi kuiona kwa mwalimu yeyote. Akitaka kitu kikae kichwani alikirudia, kwa Kiswahili chake cha Bungoma: "Maji ni mvivu, Wanjala. Haipandi mlima hata siku moja. Hata ile iko chini ya udongo, mahali huioni, inaterema tu. Kwanza jiulize inatoka wapi, inaenda wapi. Halafu ndiyo ujenge."

Mara ya kwanza niliwafuata. Baba alinigeukia bila hasira yoyote. "Nekesa, rudi umsaidie mama yako. Hii si kazi ya wasichana."

Nikarudi. Lakini nilichagua kazi yangu. Nilibeba ungo wa maharagwe, nikakaa nyuma ya ukuta ule waliokuwa wakiuzungumzia, nikachambua maharagwe huku masikio yakiwa kwao. Wakihamia upande mwingine, nami nilihama na ungo wangu. Mama aliniona. Aliniacha, na maharagwe yangu yalikuwa safi kuliko ya mtu yeyote pale kijijini, maana niliyachambua Jumamosi nzima.

Wanjala hakuwa mjinga, asije mtu akanielewa vibaya. Alipenda mpira na alipenda kusoma, na mambo ya mabomba yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mwaka mmoja mvua ya Aprili ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, mchana, maji yalirudi kutoka kwenye lile shimo la mawe, yakapita chini ya mlango wa nyuma na kulowesha gunia la mahindi jikoni. Baba aliporudi kazini alisimama katikati ya matope na viatu vyake, akamwita mwanawe.

"Maji imetoka wapi?"

"Ni mvua, Baba."

"Mvua inanyeshea kila mtu. Mbona iingie kwetu?"

Wanjala alikuna kichwa. Akatazama juu, akatazama chini. Mimi nilikuwa na ufagio mkononi, nikisukuma maji, na jibu lilikuwa limekaa mdomoni tangu mchana.

"Gata imekatika pale kwa kona," nikasema. "Maji ya paa yote inamwagikia kwa shimo ya mawe badala ya tangi. Shimo imejaa, sasa inarudi kwetu."

Baba alitoka nje kwenye mvua, akaenda hadi pembeni mwa nyumba. Tulimsikia akigusagusa mabati. Aliporudi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Najua nilitabasamu kwa sababu nakumbuka jinsi mashavu yalivyoniuma tabasamu lilipokosa pa kwenda.

"Nani amekuuliza?" akasema. Kisha akamgeukia Wanjala. "Sema sasa. Maji imetoka wapi?"

Wanjala akaanza. Gata imekatika kwa kona. Maji ya paa. Shimo ya mawe. Neno kwa neno, na sauti yangu yote ndani yake. Baba akampiga begani kwa furaha. "Sawasawa! Huyu ndiye atanirithi." Jumamosi iliyofuata alimletea spana yake mwenyewe kutoka mjini, mpya, ikiwa bado na mafuta.

Mama alinikuta nyuma ya nyumba nikilia. Alinipangusa uso kwa ncha ya leso. "Nekesa, ukijua kitu, jua nayo tu," aliniambia. "Usipende kumaliza wanaume maneno. Nani atakuoa?" Alisema kwa upole, kama mtu anayekufunika na blanketi. Sikusema tena. Kwa miaka arobaini sikusema tena.

Siku hizi wenzangu mnapenda kuwacheka vijana, nami nawacheka. Mpwa wangu mmoja yuko chuo kikuu, anajua habari za nchi ambazo mimi siwezi hata kuzitamka, lakini maji yalipokatika kwangu alifungua kila bomba akaliacha wazi, akaenda kwenye simu yake. Yaliporudi tulikuwa sokoni. Tulikuta viatu vikielea. "Si ningejuaje, Auntie?" akaniuliza. "Ati bomba iko na kichwa, inakumbuka kama niliifungua?" Wamezoea kwamba nyumba ni kitu cha kubonyeza, na ikikataa unampigia mtu. Huwa tunacheka hadi machozi. Lakini mimi kicheko changu hakiendi mbali, na nitawaambia kwa nini.

Niliolewa Kitale, nikawa fundi wa nguo sokoni, na niko hapo mpaka leo. Wanjala naye alifika Kitale akafungua duka la mbolea na mbegu, na Mungu akamfungulia. Akanunua ploti upande wa Kiminini, kipande kizuri chenye mteremko kutoka barabarani hadi mtoni. Ramani ya nyumba aliipata kwenye simu. Ilikuwa ramani nzuri ya vyumba vitano, ila ilichorwa kwa ajili ya ardhi iliyo tambarare.

Nilikwenda kuitazama kazi ilipokuwa ikiendelea. Wachimbaji walikuwa wamemaliza kisima kule nyuma, chini, mahali maji yapo karibu. Mbele, kando ya geti, watu wengine walikuwa wakichimba shimo la choo, na kando yake shimo la mwisho, lile la kumwaga maji yake kwenye udongo. Nilimuuliza fundi wao kwa nini huko juu. Akasema, "Ni bosi ametaka hapa, mama. Lori ya kunyonya choo ikikuja isikanyage nyasi."

Nikasimama pale na mkoba wangu. Nikatazama shimo, nikatazama mteremko, nikatazama kisima. Mtoto wa kalongolongo angeliona. Na wakati huo huo Wanjala akatoka kwenye gari lake akitabasamu, amenenepa, amependeza, akaniuliza, "Sasa dada, unaonaje?"

"Ni nyumba nzuri," nikasema.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, Baba amezeeka, na Mama alikuwa na presha iliyomtaka akae karibu na hospitali. Wanjala akawachukua wote wawili wakakae kwake. Siku ya kuingia nyumbani tulialikwa, watu wa kanisa, majirani, wateja wa duka. Kulikuwa na kuku, chapati, na mboga ya mrenda aliyopika mke wa Wanjala, Phanice, ambaye ni mwanamke mwepesi wa kazi na mwenye roho safi. Baba hakula haraka. Kwanza alizunguka nyumba peke yake, mikono mgongoni, kama Jumamosi zile. Alipoingia alibaki amesimama.

"Wanjala, choo umeweka juu ya maji."

"Aaah, Mzee!" Wanjala akacheka, na wageni wakacheka naye kwa sababu yeye ndiye mwenye kuku. "Hiyo ni mambo ya kitambo bana. Siku hizi shimo inajengwa na simiti. Kuna injinia."

"Ile shimo ya mwisho nayo? Ile inamwaga maji kwa udongo? Imejengwa na simiti?"

"Kula, Mzee. Chakula inapoa."

Baba alitazama huku na huku, uso mmoja baada ya mwingine. Najua alichokuwa akitafuta. Alitaka mtu mmoja tu aseme, "Mzee anasema kweli." Macho yake yalipita juu yangu bila kusimama, kwa sababu hakuwa na habari kwamba mimi ningeweza kuwa mtu huyo. Nikainamisha kichwa nikakata chapati vipande vidogo vidogo. Baba akakaa. Alikuwa chini ya paa la mwanawe, akila chakula cha mwanawe. Hakulirudia neno lile.

Nilikwenda pale kila wiki mbili kumwona Mama. Nawaambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Sikuwahi kunywa maji ya pale. Nilikunywa chai. Phanice akinikaribisha maji nilisema meno yananiuma. Na Mama, aliyekunywa maji ya tangi na ya kisima cha Matulo maisha yake yote, alijaza bilauri yake kutoka kwenye mtungi akaniambia, "Onja, Nekesa. Maji ya kisima ya kaka yako ni tamu, na ni baridi kama ya friji." Alikuwa akijivunia mwanawe. Nikamwangalia akinywa mpaka chini. Nilijiambia labda udongo utachuja. Nilijiambia si nyumba yangu. Nilijiambia nikisema, Wanjala atadhani nina wivu. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa na sauti ya Mama mwenyewe nyuma ya nyumba, akinipangusa uso.

Mwaka wa pili mvua ilikuwa nyingi. Watoto wa Wanjala walianza kuharisha, wakapona. Kisha Mama akashikwa na homa. Walimnunulia dawa za malaria dukani, akameza, ikapungua, ikarudi. Siku ya tisa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Hospitalini wakasema ni taifodi, na kwamba utumbo umetoboka. Walijitahidi. Nilikuwa nimemshika mguu, si mkono, kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dawa pande zote mbili. Aliniomba maji. Nesi alikuwa amekataza. Alikufa saa nane mchana, jua likiwaka dirishani, akiwa na kiu.

Tulimzika Matulo. Baada ya mazishi jamaa walibaki wamekaa nje, na kama mnavyojua, hapo ndipo maneno hutoka. Shangazi yetu kutoka Malakisi, dada yake Baba, alianza kuzungumza kwa mafumbo. Ati mtu akitoka kwake mzima akaenda kukaa kwa mkaza mwana, halafu arudi ndani ya sanduku, si watu waulize alikuwa akipikiwa nini? Wengine wakaguna. Phanice alikuwa amesimama karibu na jiko na sufuria mikononi. Nilimwona akiiweka chini taratibu. Wanjala alikuwa hapo hapo. Alitazama viatu vyake.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia tu sauti yangu.

"Phanice hajafanya kitu. Mama ameuawa na choo."

Nikaendelea, nikaeleza kama alivyokuwa akieleza Baba, kuanzia juu kushuka chini. Shimo liko getini. La mwisho linamwaga maji kwenye udongo. Udongo unateremka. Kisima kiko chini. Mvua ikizidi, maji ya shimo yanasukumwa haraka zaidi. Mama alikunywa kutoka hapo, watoto walikunywa kutoka hapo. "Mwiteni afisa wa afya apime maji," nikasema, "halafu mkimaliza, ndiyo mje kwa Phanice mumwombe msamaha."

Wanjala aliinua uso. "Nekesa. Ulikuwa ukijua?"

Lakini ni Baba aliyekuwa akinitazama. Alinitazama kana kwamba mtu mgeni amevaa nguo za binti yake.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu shimo likichimbwa."

"Na siku ile kwa meza? Wakati nilisema, wakanicheka?"

"Nilijua, Baba."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Sikukusudia kumuumiza. Au labda nilikusudia. Neno lile lilikuwa limekaa ndani yangu miaka arobaini, na lilitoka lenyewe. Nilimwona Baba akikumbuka. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaingia ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akafunga mlango. Siku ile nilimzika mama, na jioni hiyo hiyo nikamvunja baba.

Afisa wa afya alikuja akachukua maji kwenye chupa. Majibu yalikuwa yale yale niliyoyasema. Wanjala alijaza kisima kwa mawe na kuhamisha shimo hadi chini, na sasa nyumba ile ina maji ya kununua. Mimi na yeye tunasalimiana kwenye harusi na matanga. Hanisamehe kwa kunyamaza, na mimi simsamehe kwa kutazama viatu vyake Phanice akisingiziwa, na sijui ni nani kati yetu mwenye haki. Phanice hunipigia simu kila Jumapili. Shangazi wa Malakisi hakuomba msamaha.

Baba hakurudi Kiminini. Anaishi Matulo peke yake, na msichana wa jirani humpikia. Nikienda kumwona tunazungumza habari za mahindi na bei ya sukari. Mara moja tu, mwaka jana, nilimkuta akijaribu kupanda ngazi kurekebisha gata, nikamshusha, nikapanda mimi. Alisimama chini akanitazama nikiondoa majani, nikinyoosha bati, nikifunga waya. Nilingoja aseme kitu. Nilipomaliza alisema, "Haya, shuka, usianguke." Akaingia ndani.

Enzi zetu, rafiki zangu, hakuna mtoto aliyelala njaa jirani akiwa na ugali, na hakuna mtoto ambaye hakujua maji ya kwao yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Huwa twasema hivyo tukikutana, tukitikisa vichwa kwa ajili ya watoto hawa wa simu, wanaofungua bomba wakanywa bila kuuliza. Mimi nami hutikisa changu. Lakini wao wakinywa, hawajui. Mimi nilijua, nikaagiza chai.